Kilio cha Mtoto wa Paka Nyumbani

Yapo mambo madogo ndani ya majumba yetu ambayo watu huyadharau, na hali ndani yake mna mizani ya tabia zetu. Mojawapo ni jambo la mtoto wa paka aliyeletwa nyumbani jana, naye tangu magharibi hata alfajiri hanyamazi. Mwenye nyumba hapati usingizi, jirani hapati usingizi, mtoto aliyemleta anatetemeka kwa khofu ya kukaripiwa, na kabla ya siku tatu kutimia gunia limekwisha tafutwa.

Katika mji wetu wa Tanga, na katika mwambao wote kutoka Pangani hata Moa, paka si mgeni. Penye nafaka pana panya, na penye panya paka hana budi kuwapo. Wachuuzi wa samaki wamemzoea, na katika soko la samaki la Deep Sea paka huijua saa ya kuingia vyombo kuliko wanunuzi wenyewe. Lakini wingi huo ndio uliotufanya tumwone paka kuwa ni kitu kisicho thamani. Akitupendeza hukaa, akituchosha hutiwa guniani akaenda kumwagwa sokoni au pwani, awe na umri wa kujitafutia au asiwe nao.

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo hilo. Twasema kwamba mtoto wa paka aliaye halii kwa ubaya, wala kilio chake si nuksi ya nyumba kama wasemavyo baadhi ya watu. Hulia kwa haja. Mwenye kuijua haja hiyo huweza kumnyamazisha kwa siku chache, bila ya fimbo wala gunia.

PAKA HUMLILIA NANI?

Urafiki wa mwanadamu na paka ni wa zamani sana. Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale walieleza habari ya kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Cyprus, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake yapata miaka 9,500 iliyopita. Na mwaka 2007 wachunguzi wa nasaba za wanyama walionyesha kuwa paka wa nyumbani duniani asili yao ni paka mwitu wa nchi za Mashariki ya Karibu. Walikaribia maghala ya wakulima kwa ajili ya panya, na hapo ndipo urafiki ulipoanzia.

Sasa na tutazame kilio chenyewe. Mtoto wa paka huzaliwa haoni wala hasikii. Macho yake hufumbuka baina ya siku 7 na siku 14. Katika siku hizo hana aliwezalo ila kulia, na kilio chake kina maana moja tu: mama, njoo. Mama humjia, humlamba, humpa joto, humnyonyesha, naye hunyamaza. Paka wakiwa wakubwa hawaliliani "nyau" mara nyingi wao kwa wao. Huzungumza zaidi kwa harufu, kwa mkia, kwa masikio na kwa kutazamana. Lakini kwa mwanadamu sauti ile ya utotoni huendelea, kwa kuwa paka ameona kwamba mwanadamu akiisikia huondoka kitako akaja. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kuwa paka wengine wakitaka chakula huchanganya ndani ya mkoromo wao sauti nyembamba iliyo karibu na kilio cha mtoto mchanga, na watu wanaoisikia huiona kuwa ni sauti ya haraka isiyovumilika.

Basi msomaji na afahamu: mtoto wa paka aliyetolewa kwa mamaye na kuletwa kwako amekuweka wewe mahali pa mama. Hakuudhi. Anakwita.

UMRI WAKE NI UPI?

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: Je, umri wa kuachana na mamaye umefika? Wengi wa watoto wa paka waliao usiku kucha wamechukuliwa mapema mno. Haifai kumtenga kabla ya kutimia wiki 8, na akingojewa wiki 12 ni bora zaidi. Si maziwa tu anayoyapata kwa mamaye. Kwa mamaye na nduguze ndiko anakofunzwa kuzuia makucha, kuuma bila ya kuumiza, na kutulia. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi nchini Finland juu ya paka zaidi ya 5,700, na ukaonyesha kuwa wale waliotengwa na mama zao kabla ya wiki 8 huzidi kuwa wakali na wenye vitendo vya wasiwasi, hata wakiwa wakubwa.

Umri waweza kukadiriwa bila ya kuwa mganga. Macho ya mtoto wa paka huwa ya buluu, na rangi yake ya kudumu huanza kuonekana yapata wiki ya 6 au ya 7. Meno ya mbele huanza kutoka yapata wiki ya 3 na ya 4. Magego ya utotoni hufuata baadaye, na katika wiki ya 8 huwa yametimia. Kadhalika mizani ya dukani husaidia: mwenye afya, wa mwezi mmoja, huwa na uzito wa karibu nusu kilo, na wa miezi miwili hukaribia kilo moja. Anayetembea kwa kupepesuka, mwenye macho ya buluu na asiye na magego, huyo bado ni wa kunyonya.

Chuoni kwetu alikuja mwanafunzi mmoja amempakata mtoto wa paka ndani ya kofia yake. Usiku wa tatu huo mnyama alikuwa akilia. Katika nyumba yao mlikuwa na mama mpangaji ambaye riziki yake ni maandazi, naye sharti aamke saa tisa ya usiku kukanda unga. Usingizi wake mchache nao umeondoka. Baba mtu alikuwa amekwisha toa amri kuwa mnyama yule akatupwe. Tulimtazama: macho ya buluu, magego hayajatoka. Tukamwuliza kijana, "Umemtoa wapi?" Akajibu kwamba alimwona nyuma ya banda la wakaanga samaki. Tukamwuliza tena, "Na mamaye hukumwona?" Akainamisha kichwa akasema kuwa yuko paka wa mabaka azungukaye banda lile siku zote tatu, akilia.

Hapo tulikumbuka Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ya kwamba masahaba katika safari waliwachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoona, aliuliza ni nani aliyemsikitisha ndege yule kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warudishwe kwake. Tulimsomea kijana habari hiyo, na hatukuwa na haja ya kuongeza neno. Jioni ile alikwenda na kaka yake, wakamweka mtoto mahali pale pale, wakajitenga. Mama alikuja, akamshika shingo kwa meno, akaingia naye chini ya mbao. Kijana akawa kila akitoka chuoni humpelekea yule mama vichwa vya samaki, na baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa akamchukua mtoto wake kwa mara ya pili. Alilia usiku wa kwanza, usiku wa pili akapunguza, na usiku wa tatu nyumba ililala. Na kitanda chake kilitandikwa kwa kipande cha kanga kuukuu cha yule mama wa maandazi.

Ikiwa mama hayuko, kazi huwa kubwa, na mlezi na ajue. Maziwa ya ng'ombe matupu huwaharisha wengi katika wanyama hawa, na kuharisha humwua mtoto upesi. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili yao. Yasipopatikana, aulizwe bwana mifugo. Anyweshwe akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo, kamwe asilazwe chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Na aliye chini ya wiki 3 hawezi kujisaidia mwenyewe: baada ya kula hupanguswa chini ya mkia kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kama mamaye afanyavyo kwa ulimi.

USIKU WA KWANZA

Sasa tuseme umri umetimia, naye bado analia. Ametoka katika kundi la nduguze waliokuwa wakilala juu ya mwenzao, na sasa yu peke yake juu ya saruji baridi, katika nyumba yenye harufu asizozijua. Mambo matano humtuliza.

La kwanza ni mahali. Asiachiwe nyumba nzima. Apewe pembe moja ya chumba, na boksi la karatasi ngumu lililolazwa ubavu, ajifiche ndani yake. La pili ni joto. Chupa itiwe maji ya moto kiasi, ifungwe vizuri, izungushiwe kitambaa, iwekwe upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea au kuiepuka. Kanga au shuka iliyokwisha valiwa, ambayo haijafuliwa, humzoeza harufu ya mlezi.

La tatu ni chakula. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mtoto wa miezi miwili hata minne apewe kidogo kidogo mara nne kwa siku, na mara ya mwisho iwe kabla ya watu kulala. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: sisi tumekula chakula cha usiku, na yeye mara ya mwisho alikula adhuhuri, kisha twastaajabu kwa nini hanyamazi. Na wazee wetu walisema kuwa paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Maneno hayo ni kweli hata kwa elimu ya leo. Katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kadiri ya haja yake; akikikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Ugali na wali mtupu haumtoshi. Apewe samaki au dagaa waliochemshwa na kutolewa miiba, nyama au maini kidogo kwa nadra, na yai lililopikwa. Samaki mbichi kila siku si chakula chema, kwani wako samaki ambao wakiwa wabichi huharibu vitamini mwilini. Na maji safi yasikosekane.

La nne ni choo. Karai pana lenye mchanga liwekwe mbali na chakula chake. Paka hupenda usafi kwa tabia, na mtoto asiyejua pa kujisaidia huzunguka akilia. Mchanga uondolewe uchafu kila siku, na kazi hiyo asiifanye mama mjamzito, kwa kuwa katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kijidudu cha maradhi yamdhuruyo mtoto aliye tumboni. Afanye mwingine, kisha aoshe mikono kwa sabuni.

La tano ni mchezo. Paka huchangamka zaidi wakati wa machweo na wakati wa alfajiri. Baada ya sala ya magharibi watoto wacheze naye kwa uzi au kifuu kidogo mpaka achoke, kisha ale, kisha alazwe. Imepokewa na Tirmidhi kwamba sahaba mkubwa Abu Hurayra, ambaye jina hilo maana yake ni baba wa kipaka, alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake naye ana kipaka chake. Usiku hukiweka juu ya mti, na mchana huenda nacho akicheza nacho. Kipaka kile kilikuwa na mahali pake pa usiku na saa zake za mchezo.

KUMFUNZA KUNYAMAZA

Huenda mtoto amekula, amejisaidia, ana joto, hana maradhi, na bado analia kwa kutaka apakatwe. Hapa ndipo penye haja ya subira na hekima. Mwenye nyumba asimkimbilie katika kilio. Angoje kidogo mpaka apumzike kulia, hata kwa kadiri ya kuvuta pumzi, ndipo amwendee na kumpapasa. Mtoto atafahamu kuwa kimya ndicho kiletacho mtu. Lakini mwenye kuvumilia nusu saa kisha akashindwa akamchukua, amemfunza kulia nusu saa. Na watu wote wa nyumba wawe na shauri moja. Baba akikataza, na bibi akamtilia kipande cha samaki kila aliapo, hapana mafunzo hapo.

Kumpiga hakufai. Mnyama mdogo hajui kuwa fimbo ile ni kwa ajili ya sauti yake. Ajualo ni kwamba mkono wa mwanadamu huumiza, na kesho ataukwaruza mkono utakaompa chakula. Kumfungia stoo penye giza kadhalika hakufai, kwani kilio cha khofu ni kikali kuliko kilio cha upweke. Bora azoezwe kukaa peke yake mchana, leo dakika tano, kesho kumi, mpaka aone kuwa anayeondoka hurudi. Na mwenye uwezo wa kulisha wawili akichukua ndugu wawili wa tumbo moja, mara nyingi hutulizana wenyewe.

HAKI YA JIRANI

Majumba yetu mengi ya Ngamiani na Makorora ni ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na uani pa wote. Sauti ya chumba kimoja ni sauti ya nyumba nzima. Haki ya jirani ni kubwa, katika Hadithi sahihi imeelezwa kuwa Jibrili alimwusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Basi huruma kwa paka isiwe dhulma kwa mtu. Anayetaka kumleta mtoto wa paka na awaambie wenzake kabla, awaombe uvumilivu wa siku chache, na pembe ya mnyama isiwe kwenye ukuta ambao nyuma yake amelala mgonjwa, mzee au mwenye kazi ya alfajiri. Neno jema likitangulia, masikio nayo hustahimili.

KILIO CHA MARADHI

Kiko kilio kisichotulizwa kwa mchezo. Mtoto wa paka akikataa chakula siku nzima, akiharisha, akitoka matongo na mafua, tumbo likivimba kwa minyoo, au fizi zikiwa nyeupe kwa kunyonywa damu na viroboto, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka mweupe mwenye macho ya buluu akilia kwa sauti kubwa mno, huenda ikawa ni kiziwi, kwani uziwi ni mwingi kwa paka wa rangi hiyo. Na jike aliyepita miezi minne au mitano akianza kulia na kujigaragaza, huenda anataka dume. Huo si utoto tena.

Lakini dawa za watu zisitiwe kinywani mwake. Parasetamo, ambayo sisi humeza kwa kichwa kuuma, ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja huweza kumwua. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu yake, basi mchuzi wetu si wake. Mafuta ya taa yasipakwe juu ya viroboto, wala dawa ya viroboto ya mbwa asitiwe paka, kwani nyingine huwa na pamethrini ambayo humtia kifafa na kumwua.

Wala tusisahau kuwa kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Afikapo miezi mitatu achanjwe. Na yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona dalili. Dalili zikidhihiri, dawa haifai tena.

MWENYE KUMFUNGIA ANA DENI

Twamaliza kwa jambo lililo zito kuliko yote. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake ni kuwa alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie vidudu vya ardhi. Hadithi hiyo imetuonyesha milango miwili: kumlisha, au kumwachilia anayeweza kujitafutia. Mtoto wa paka wa wiki sita aliyemwagwa pwani hakupata mlango hata mmoja. Hawezi kuwinda, hana mama, na paka shume wa sokoni humfukuza penye chakula. Asiyeweza kumlea na amtafutie mwenye kuweza, amngoje hata akue, kisha amkabidhi kwa mkono. Na asiye na nafasi wala subira na amwache kwa mamaye tangu mwanzo.

Enyi baba na mama wa majumba, watoto wenu wanawatazameni. Siku mtoto anapomwona baba yake anaamka usiku kumtilia mnyama maji, hujifunza bila ya kitabu kuwa mwenye sauti dhaifu ana haki ya kusikilizwa. Na siku anapomwona akifunga mdomo wa gunia, hujifunza kuwa anayesumbua hutupwa. Miaka itapita, nasi tutakuwa wazee, tutaita usiku kwa sauti nyembamba, tukitaka maji au kugeuzwa upande. Watakaotusikia ndio hawa tunaowafunza leo.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye tawfiki.